Wimbo wa Kumtoa Bi Nicasia

Bi Escolástica Perea alizaliwa Boca Mojarra, kijiji cha kando ya mto, akaolewa Boca Mojarra mara mbili, na akamfukuza mume wa pili Boca Mojarra hiyohiyo mchana kweupe, watu wakitazama, bwana yule amejitwisha godoro. Hakuona sababu ya kuhama. Anapika wali wa kufungwa kwenye majani, na kuuza gatini boti zinaposhuka kutoka kwenye chanzo cha mto. Wali wake una chumvi nyingi. Ameambiwa tangu ujana, na jibu lake halijabadilika: "Usiyeutaka, kunywa mto."

Shule aliishia darasa la pili. Anasoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza, na akifika mwisho wa mstari humtazama aliye karibu kana kwamba amemshinda kwenye kesi.

Kitu alichokuwa nacho ni sauti. Kwa miaka mingi aliketi mkono wa kulia wa Bi Nicasia Mosquera, mwanzishaji wa nyimbo za msiba, akawa wa kwanza kuitikia. Sisi huku mtu akifa haimbiwi kwa ngoma. Anaimbiwa alabao, nyimbo ndefu za sauti tupu, mmoja akitoa beti na wengine wakiitikia, usiku baada ya usiku mpaka wa tisa. Usiku huo wa tisa, kunapotaka kupambazuka, taa huzimwa, madhabahu ya shuka nyeupe huvunjwa ngazi kwa ngazi, kipepeo cha kitambaa cheusi hushushwa ukutani, na huimbwa wimbo wa kumtoa marehemu. Asipotolewa habari yake ni kubaki. Atakuwa anazunguka jikoni, anafunua vyungu. Zipo nyumba za namna hiyo, na waliomo wanajulikana kwa wembamba.

Kila ukoo una wimbo wake wa kumtoa mtu. Wa akina Mosquera beti zake alikuwa nazo Bi Nicasia peke yake, alizipata kwa mama yake. Wengine wote walijua kuitikia tu. Na alikwisha sema, akiwa mzima, amekaa kwenye kiti chake cha kamba: "Mimi msinitoe na wimbo wa kuazima. Nitarudi niwaaibishe."

Ndiyo maana Yirleza, binti wa Bi Escolástica anayefanya kazi Medellín, alipokuja likizo alifuatana na Bi Nicasia kwenye misiba yote ya mtoni na kumrekodi. Alipata nyimbo thelathini na kitu, na ule wa kuwatoa akina Mosquera ukiwamo. Akazipakia kwenye akaunti moja, kisha akaiingiza akaunti hiyo kwenye simu mbili: ya mama yake, na ya Hermelinda, binamu wa mama yake, ambaye naye ni mwitikiaji.

"Hata simu ikizama mtoni, mama, usilie," Yirleza alisema. "Nyimbo zimehifadhiwa kwingine, mbali, kwenye mashine za kampuni. Utanunua simu nyingine, utazikuta zinakusubiri."

Bi Escolástica alielewa. Ilikuwa kama mtu kuweka gauni lake la harusi kwa mama wa ubatizo. Liko salama, halipo nyumbani kwako, na siku ukilitaka unalifuata.

Akaiweka simu kwenye kopo la biskuti na hakuzisikiliza nyimbo hizo hata mara moja. Alabao haiimbwi kwenye nyumba isiyo na maiti. Hilo halihitaji kuelezwa. Anayeiimba huku anafua au anapepeta mpunga anaita mtu, na anayeitwa huwa ni wa nyumba hiyohiyo.

Msimu wa mvua ulipokolea, mjukuu wake Keili, mtoto wa miaka minne anayelelewa naye, alishikwa na homa. Alilala siku nzima macho yamelegea. Ili atulie akapewa simu achezee picha. Bi Escolástica alikuwa nje anakata majani ya kufungia wali, akasikia sauti ya Bi Nicasia ikitoka chumbani, nzito, ya taratibu, inamuaga maiti.

Mtoto alikuwa kitandani, ameshikilia simu juu ya kifua.

Bi Escolástica hakupiga kelele. Aliichukua simu, akaketi mlangoni, akaweka kidole. Alisoma jina la wimbo, akafuta. Akasoma la pili, akafuta. Kila mara simu ilimuuliza kama ana uhakika, na hakuna swali aliloulizwa maishani ambalo alikuwa na uhakika nalo kuliko hilo. Kwa mawazo yake alikuwa anazitoa nyimbo za wafu nyumbani mwake tu. Zenyewe zilikuwa kwa kampuni, zimetulia.

Alipomaliza akaona ndani ya simu kuna pipa la taka, na nyimbo zote zimo ndani yake. Huku kwetu taka za msiba haziachwi kwenye kona ya nyumba. Zinafagiliwa na kutupwa mtoni kabla jua halijapanda. Simu ikamwambia kwamba akilimwaga pipa, vilivyomo vitafutika kabisa na havitarudi.

"Ndiyo ninachotaka," akaijibu.

Kesho yake Keili alikula ndizi mbili. Alikuwa amenyweshwa na dawa ya zahanati pia, lakini ukimuuliza Bi Escolástica, dawa hiyo ilikuwa maji na sukari.

Wiki hiyo haikuisha vizuri, Bi Nicasia akafa usingizini. Mtu aliondoka na boti ya juu kumwita Hermelinda, aliyekuwa shambani kwake kwenye chanzo cha mto tangu kabla ya homa ya Keili. Wanawake wa nyimbo wakakusanyika sebuleni kwa marehemu. Tránsito, binti wa marehemu, alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, ana sauti ya mtu aliyelia akamaliza.

"Haya, mama Tica," alimwambia Bi Escolástica, kwa jina lake la kifupi. "Leta simu tuanze kuushika wimbo. Siku tisa si nyingi."

Bi Escolástica akafungua simu. Akafungua akaunti. Ilikuwa tupu, nyeupe kama shuka ya madhabahu.

"Hazipo," akasema.

"Hazipo vipi?"

"Nilizitoa nyumbani. Kuna mtoto mgonjwa pale. Ngojeni, nampigia Yirleza atazileta kutoka kwa kampuni."

Yirleza alisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa ya upole wa kutisha.

"Mama. Ulifuta kwenye simu, au ulifuta kwenye akaunti?"

"Nimefuta. Kufuta ni kufuta."

"Na pipa la taka?"

"Nikalimwaga. Ulitaka nilale na takataka?"

"Mama yangu! Pipa linakaa na vitu mwezi mzima ili mtu akijuta avirudishe! Ungeliacha tu, sasa hivi tungekuwa tunasikiliza."

"Ningejuta nini? Mtoto amepona, hajapona?"

"Amepona, lakini..."

"Basi. Zirudishe."

Yirleza akamweleza kwamba simu na mashine za kampuni si nyumba mbili. Ni chumba kimoja chenye madirisha mengi, na ukitoa kitu kupitia dirisha hili, hakionekani tena kwa lile. Akaahidi kuwaandikia kampuni. Kampuni walijibu jioni, kwa adabu nyingi, kwamba wataangalia lakini hawaahidi, na kuangalia kwao kungechukua wiki kadhaa. Msiba ulikuwa na siku zake.

Tránsito hakumtukana. Aliinuka, akaenda kurekebisha mishumaa iliyokuwa haina kasoro. Bibi mmoja aliyeketi kwenye kona alijaribu kukumbuka ubeti wa kwanza, akafika nusu, akaingia kwenye wimbo wa ukoo mwingine bila kujua, wakamnyamazisha.

Simu ikalia tena. Yirleza.

"Mama, Hermelinda yuko wapi?"

"Juu, kwenye ndizi zake. Ameitwa."

"Mtandao kule unafika?"

"Kule hata padri hafiki."

"Basi nisikilize kwa makini. Kwenye simu yake nilizishusha nyimbo zote zikakaa ndani, ili azisikie bila mtandao. Bado zimo. Simu yake haijaambiwa kwamba umefuta, umenielewa? Haijapata habari. Lakini ikishika mtandao tu inaambiwa, na ikiambiwa inafuta na yenyewe. Msimuache ashike mtandao. Aizime, atoe laini, halafu tutaona."

Bi Escolástica alielewa mara moja. Habari ya kifo nayo hutembea hivyo. Aliye mbali anaendelea kumhesabu marehemu miongoni mwa walio hai, mpaka boti ifike.

Tatizo ni Kona ya Msalaba. Boti inayotoka juu haina mtandao njia nzima, na kwenye kona hiyo, mlima ukisogea, mnara wa simu unaonekana. Hapo abiria wote wa mto huu hufanya kitu kimoja. Wanatoa simu, wananyanyua mikono juu, na kwa muda boti nzima huonekana kama watu wanaotekwa nyara. Hakuna anayepita pale simu ikiwa mfukoni. Hermelinda alikuwa anakuja na boti ya mchana wa kesho yake.

Asubuhi Bi Escolástica alikwenda kwa Abelino mwenye mtumbwi wa injini, akamkuta anakunywa kahawa.

"Nipeleke juu, kabla ya Kona ya Msalaba."

"Shikamoo na wewe, mama Tica."

"Marahaba. Inuka."

"Maji yamejaa magogo. Na wewe jana walisema umewafuta wafu wote wa mto."

"Nimefuta nyimbo. Wafu wapo palepale. Utanipeleka, au niupige kasia mwenyewe na umri huu, watu waseme Abelino alikuwa anakunywa kahawa?"

Akainuka.

Hermelinda na Bi Escolástica, ni vizuri lisemwe, hawakuwa wanaongea sana. Kiti cha mkono wa kulia wa Bi Nicasia ni kimoja, na wao ni wawili. Koo la Bi Nicasia lilipoanza kudhoofu, Bi Escolástica alianza kuanzisha nyimbo bila kuulizwa na mtu, na Hermelinda akahamia shambani akisema ndizi zinaibwa. Njiani kwenye mtumbwi Bi Escolástica alijaribu maneno ya kumwambia. Kila alilolipata lilikuwa na harufu ya kuomba msamaha, akaliacha.

Mbele kidogo pangaboi la injini liligonga gogo, pini inayolishikilia ikakatika. Abelino aliutia mtumbwi ukingoni na kutafuta pini nyingine kwenye mkebe wa misumari. Alichonga ya kuungaunga kutoka kwenye msumari mnene, huku Bi Escolástica amesimama juu yake kama mwenye nyumba anayedai kodi.

"Ukinisimamia hivyo mkono unatetemeka."

"Unatetemeka kwa pombe za juzi. Gonga."

Kwa hiyo hawakuwahi kufika kabla ya kona. Walifika wakati boti ya abiria inaikunja. Mikono ilikwisha anza kunyanyuka. Hermelinda alikuwa katikati, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani, amevaa nyeusi, simu mkononi anaifuta maji kwa gauni.

"Hermelinda! Zima simu!"

Injini mbili zilikuwa zinanguruma. Hermelinda aliona binamu yake anapunga mikono, naye akapunga.

"Zima! Izime!"

Abelino akausogeza mtumbwi ubavuni, injini zikapunguzwa. Na hapo, kwa vile walikuwa hawajaonana tangu kifo, Hermelinda alifanya kinachofanywa. Aliinua mikono yote miwili, simu ikiwa ndani ya mmoja, akaanza kulia kwa sauti, "Ametuacha, Tica! Ametuacha!" Huwezi kumwambia mtu neno jingine kabla hamjalia pamoja. Hata askari hungoja. Boti nzima ilivua kofia.

Bi Escolástica aliikanyaga mbao ya ukingo, akarukia boti kwa miaka yake yote sitini na tisa, akamkumbatia Hermelinda, akalia naye maneno mawili matatu kama inavyotakiwa, na kwa mkono uliokuwa mgongoni kwa mwenzake akainyakua simu. Ilikuwa inatetemeka. Habari zilikuwa zinaingia. Akaing'oa mfuniko kwa meno, akachomoa betri. Mfuniko ulikwenda na mto.

"Mwizi!" Hermelinda alisema, machozi bado yanamtoka. "Kwenye msiba! Mbele za watu!"

"Kaa chini nikuambie."

"Sikai! Kwanza umenikalia kiti, sasa simu!"

Abiria walikuwa wamesahau simu zao. Bi Escolástica aliona kwamba hakuna pa kujificha, akasimulia yote palepale, amesimama, sauti ya juu, kama anayetangaza bei ya wali. Homa ya mtoto, sauti iliyotoka chumbani, kufuta, pipa, kampuni. Hakuongeza wala hakupunguza. Hakusema samahani.

Hermelinda alijifuta machozi kwa kiganja.

"Wewe ulifuta."

"Nilifuta."

"Na pipa ukalimwaga."

"Angekuwa mjukuu wako je?"

Hermelinda akaketi. Akavua kofia, akajipepea nayo. "Ningeitupa na simu yenyewe," akasema. "Lakini mfuniko utanunua."

Sebuleni kwa marehemu walichomoa laini kwanza, kama Yirleza alivyoagiza, wakaiweka pembeni kwenye kisahani kama jino. Ndipo wakarudisha betri. Wanawake wote walikuwa wamezunguka meza. Hermelinda, ambaye anasoma bila kidole, akafungua.

Kona ya Msalaba ilikuwa imefanya kazi yake. Nyimbo za juu ya orodha zilikuwa zimekwenda, sehemu kubwa. Zilibaki kumi na moja. Majina ya zilizopotea yalitajwa, na kila lilipotajwa mtu mmoja aliguna, kwa sababu kila wimbo ulikuwa umeimbwa kwenye msiba wa mama wa mtu. Wimbo wa kumtoa mtu wa akina Mosquera ulikuwa wa pili kutoka mwisho.

"Uliwahi kuusikiliza huu?" Tránsito aliuliza.

"Zile za kuitikia nilikuwa nazisikiliza shambani, ng'ambo ya mfereji, mbali na nyumba," Hermelinda alisema. "Huu sikuugusa. Mimi si mwendawazimu."

Nyumba ilikuwa na maiti yake halali, kwa hiyo hapakuwa na ubaya. Akabonyeza. Bi Nicasia alikohoa, akasema na mtu, "Sogeza hiyo taa," kisha akaanza. Tránsito alitoka nje. Wengine waliinama. Simu ya jirani iliwekwa karibu kurekodi upya kwa sikio, kama Yirleza alivyosema, ili wimbo uwe na pa kukaa pengine kabla haijaguswa laini yoyote.

Wakajifunza. Beti zilikuwa ndefu, zenye maneno ya kizamani ambayo hata Bi Nicasia huenda hakuyajua maana. Bi Escolástica alizishika sauti haraka kuliko wote, maneno yakamkataa. Hermelinda aliyaandika kwenye karatasi ya kufungia sukari na kuyasoma huku anaimba.

Siku moja kabla ya usiku wa mwisho, Tránsito aliita watu, akasema lazima ijulikane nani ataanzisha. Alisema huku anaangalia sakafu. Bi Escolástica ndiye mkubwa, na kiti kilikuwa chake, kila mtu alijua. Lakini marehemu alikuwa mama yake yeye, Tránsito, na hawezi kusikia wimbo wa mama yake ukitoka kwenye mdomo wa aliyeufuta. Aliomba asionekane mbaya.

Watu walisubiri Bi Escolástica alipuke. Wengine walikwisha sogeza watoto.

"Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo," Bi Escolástica alisema. "Ila mimi ningekuambia usoni."

Tránsito akainua uso, akamwangalia. "Hutaanzisha, mama Tica."

"Sawa. Sasa umesema."

Akahama kiti. Alikibeba mwenyewe, kile cha mkono wa kulia, akakiweka mbele ya Hermelinda, na yeye akaketi kwenye benchi la waitikiaji, kati ya bibi aliyesahau ubeti na mwanamke mmoja wa ng'ambo ambaye huimba kwa pua.

Usiku wa tisa ulikwenda kama inavyokwenda. Watu walikunywa kahawa na pombe ya miwa, wakacheza domino uani, wakasali rozari. Mbingu ilipoanza kuwa kijivu taa zilizimwa. Hermelinda alianzisha. Karatasi haikuonekana tena gizani, lakini maneno alikuwa nayo. Shuka ya kwanza ikatolewa, ya pili, kipepeo kikashuka. Itikio liliongozwa na sauti moja kutoka kwenye benchi, pana, isiyotetemeka, iliyoziburuta nyingine zote nyuma yake, na mara mbili ikamsubirisha Hermelinda kwa sababu haikutaka kumaliza. Mwanamke wa ng'ambo aliacha kuimba kwa pua, akafuata.

Mlango ulifunguliwa. Ule ubaridi wa alfajiri ukaingia, na Tránsito akasema taratibu, "Nenda, mama," na kwa wote waliokuwamo ilikuwa dhahiri kwamba ameenda.

Kulipokucha Hermelinda alimdai binamu yake mfuniko wa simu. Bi Escolástica akamwambia aje auchukue gatini pamoja na wali, saa boti zinaposhuka, na asichelewe kwa sababu wali ukipoa hauliki. Akaenda kuwasha jiko.